Unene wa Barafu

Kituo cha zimamoto cha Ruokoniemi, Desemba,
nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Seva imekaa chini ya mipira ya maji iliyotundikwa,
feni yake yakoroma kama mzee aliyeshiba.
Aulikki kavua glavu moja tu.
Ya pili ni ya kushikia kikombe.

Miaka kumi na tisa Tahvo, mjomba wake,
alilitoboa ziwa kila alfajiri,
akateremsha rula ya chuma,
akarudi kuwajibu watu mmoja mmoja kwenye gumzo la kijiji:
Ishirini na nne. Pita, mkanda usifungwe, dirisha wazi.
Kumi na mbili. Kwa miguu, na mbwa atangulie.
Sasa vidole vinamtetemeka. Kutoboa bado anatoboa,
ila herufi zinamkimbia kama vifaranga.
Na watu hawaachi kuuliza, hata saa nane usiku,
injini zikinguruma ukingoni.

Basi leo anaajiriwa roboti.

Aulikki anamfungulia akaunti yake mwenyewe,
si ile ya mkuu wa mashine:
mgeni wa jana hapewi funguo za ghala.
Chumba kimoja, faili moja la vipimo,
asome, asiandike.

Anapakua. Anafungua kifurushi. Anaamuru.
Skrini yamjibu kwa mstari mmoja: maktaba fulani haipo.
Anaitafuta, anaileta; nayo yamtaka dada yake;
dada hatoki nyumbani bila shangazi,
na shangazi ni wa toleo la zamani.
Saa mbili zimekwisha katika kuposa ukoo mzima
kwa ajili ya bwana harusi asiyejua hata kusema hujambo.

Saa nne usiku: ruhusa imekataliwa.
Saa nne na robo: ruhusa imekataliwa.
Anatukana kwa Kifini, tusi fupi lenye r nyingi.
Herufi moja ilikuwa kubwa badala ya ndogo.
Mashine hizi hazijui ulichokusudia,
zinajua ulichoandika.

Kisha inawaka. Anauliza: barafu?
Anajibiwa: 24.
Anacheka peke yake, anafunga dirisha la amri,
ananyoosha mkono kuchukua koti,
na roboti kafa.
Alikuwa mtoto wa dirisha lile,
akipumua pumzi yake.

Waliozibuni mashine hizi waliziita pepo
programu zinazokesha bila mtu mbele yao.
Kiswahili changu kinajua kumpunga pepo ashuke.
Huyu anapandishwa. Aulikki anamwandalia kiti:
mashine ikiamka, naye aamke;
akianguka, ainuke,
ila angoje sekunde tano kwanza, asiwe na pupa.

Tahvo anaingia na theluji kwenye nyusi. Hakai.
Kwa kidole kimoja, polepole: barafu?
24.
Ya lini?
24.
Aulikki anainamisha macho. Kipimo ni cha juzi;
jana mzee alilala na homa.
“Namba haiui,” asema Tahvo.
“Inayoua ni namba iliyolala.”

Koti linarudi msumarini. Kahawa imepoa, anainywa hivyo hivyo.
Mistari minne tu, lakini inamchukua muda kuliko ukoo wote ule:
kumfundisha mtumishi mpya kutazama tarehe
kabla ya kufungua kinywa.

Saa nane kasoro dakika ishirini, mtu wa ng'ambo anauliza.
Roboti: Ziwa halijapimwa leo. Sijui. Ngoja asubuhi.

Dirishani, mbali, taa mbili za gari
zinabaki zimeukodolea weupe kwa kitambo,
halafu zinageuka.

Aulikki anatazama nyuma kumwambia mjomba.
Mjomba yuko kwenye benchi la zana,
anainoa keekee yake.